Kamera za filamu ya 120 Mombasa: dalili, chanzo na la kufanya

Kamera za zamani zinazotumia filamu pana ya 120, ziwe Rolleiflex, Yashica-Mat, Mamiya, Hasselblad au zile za kukunja za Agfa na Zeiss Ikon, zina uzuri mmoja: nyingi hazina kompyuta ndani. Kosa likitokea lina sababu unayoweza kuiona kwa macho au kuishika kwa mkono. Tabu ni kwamba wengi huitafuta sababu hiyo mahali pasipo. Filamu ikirudi mbaya, mtu keshachukua bisibisi ya simu anafungua lenzi.

Usiguse kamera bado. Chukua negativi, yaani filamu iliyokwisha kuoshwa, iweke juu ya skrini nyeupe ya simu, uisome. Yenyewe itakwambia kama kosa liko kwenye lenzi, kwenye shata (kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga), kwenye filamu, au kwenye beseni ulilooshea. Na kama umeoshewa mahali wakakutumia picha kwa WhatsApp peke yake, rudi ukadai negativi zako. Mashine ya kuskani hurekebisha mwanga kimyakimya na kukufichia nusu ya ushahidi.

Filamu angavu, haina picha hata moja

Tazama ukingo kwanza. Jina la filamu na namba za picha huchapwa pale kiwandani kwa mwanga, kwa hiyo huonekana baada ya filamu kuoshwa. Maandishi yakiwepo na picha hazipo, dawa ilifanya kazi yake, ni mwanga uliokosa kufika. Maandishi yasipokuwepo, kamera haina kesi: dawa ilikuwa imekufa, au fiksa, dawa ya mwisho ya kuifanya picha isibadilike, ilitangulia kutiwa. Filamu ikiwa nyeusi tititi mpaka ukingoni, kuna aliyeifungua penye mwanga.

Kwa kamera za lenzi mbili, mshukiwa wa kwanza ni kifuniko. Unatazama kwa lenzi ya juu na kupiga kwa ya chini, kwa hiyo kifuniko kikisahaulika chini, kila kitu kitaonekana sawa mpaka siku ya kuosha. Mshukiwa wa pili ni filamu iliyopakiwa kinyume, hasa kwenye makasha ya nyuma ya Hasselblad na Mamiya RB67 ambako njia ya filamu inajipinda. Upande mweusi wa karatasi ndio utazame lenzi. Wenye rangi na maandishi utazame nyuma. Kama si hayo, fungua mlango wa nyuma bila filamu, elekeza kamera dirishani na upige kila spidi ukichungulia. Usipoona duara la mwanga, shata haifunguki.

Negativi nyeusi kupita kiasi

Hapa pia ukingo ndio shahidi. Maandishi yake yakiwa mazito kama picha zenyewe, filamu imeoshwa kupita kiasi, na kwetu hilo mara nyingi huletwa na maji. Dawa nyingi za filamu nyeusi na nyeupe zimepangiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya tangi lililo juu ya paa la nyumba ya Mombasa yanaweza kupita 28. Ukifuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa bila kupima joto, utatoa makaa. Zamisha chupa za dawa kwenye beseni la barafu mpaka kipimajoto kishuke, na maji ya kusuuzia nayo yawe karibu na joto hilohilo, maana filamu ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto ghafla, ngozi yake inaweza kukunjamana. Filamu za rangi, ambazo watu huziogopa, ndizo nyepesi hapa: dawa yake ya C-41 inataka nyuzi 38, na kupasha maji ni rahisi kuliko kuyapoza.

Maandishi ya ukingoni yakiwa ya kawaida na picha tu ndizo nyeusi, mwanga ulizidi ndani ya kamera. Chanzo kimoja ni filamu yenyewe. Kwa jua la utosi, filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha filamu kuhisi mwanga; namba kubwa huhisi zaidi) inataka spidi ya 1/125 ya sekunde na tundu la lenzi la f/16. Filamu ya ISO 400 inataka 1/500 kwa tundu hilohilo, na kamera nyingi za kukunja hazifiki spidi hiyo. Mtu ananunua ISO 400 kwa kudhani ndiyo bora, kisha anakwenda kupiga kuta nyeupe za Mji wa Kale saa saba mchana. Nunua ISO 100.

Chanzo kikubwa zaidi ni shata iliyochoka. Shata za Compur, Prontor na Copal ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyo katikati ya lenzi, vinavyoendeshwa na springi na magurudumu madogo yenye meno. Mafuta yaliyotiwa kiwandani miaka ya 1950 au 1960 yamekauka yakawa gundi. Spidi za polepole, 1/15 kushuka mpaka sekunde 1, ndizo hukwama kwanza.

Huhitaji mashine kulijua hili. Simu nyingi za sasa hurekodi mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi kwenye mwanga, weka simu nyuma yake, piga shata, kisha ipeleke video fremu moja moja ukihesabu zile ambazo tundu liko wazi. Kwa 1/15 unatarajia fremu 16, kwa 1/30 fremu 8, kwa 1/60 fremu 4. Ukikuta 30 kwenye 1/15, shata yako inapiga 1/8, yaani mwanga umekaribia mara mbili. Filamu ya negativi itakuvumilia; ya slaidi haitakusamehe. Kupita 1/60 usihangaike, simu haina kasi ya kutosha kukupa jibu la kuaminika.

Dawa yake ni kusafishwa, si kutiwa mafuta. Mafuta ya cherehani na yale ya kopo ya kupuliza huifanya shata iruke vizuri kwa siku chache, kisha hutambaa mpaka kwenye vibamba na kuvigandisha. Vibamba ving'aavyo rangirangi kama maji ya gereji vimeshaingiwa na mafuta. Kazi hii mpelekee fundi wa saa mwenye mkono wa subira, si fundi wa simu, na umwambie mapema kwamba vibamba vikae vikavu kabisa.

Wakati huohuo, tabia mbili zitakuepusha na gharama. Kwenye Compur za zamani, chagua 1/500 kabla ya kukaza shata (kuivuta springi yake tayari kwa kupiga), si baada, kwa kuwa spidi hiyo ina springi yake ya ziada. Na kile kitufe chenye herufi V, cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha, kiache kilale. Kikikwama katikati kinaishikilia shata yote.

Picha zimefifia, weusi si weusi

Washa tochi. Weka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi muda wote ulioshika kitufe, fungua tundu lote, angaza kwa nyuma na utazame kutoka mbele, kisha ugeuze. Nyuzi zinazotawanyika kutoka sehemu moja ni kuvu. Weupe ulioenea sawasawa ni utando wa mvuke wa mafuta. Mng'ao wa rangi za upinde unaoanzia pembeni ya kioo ni gundi ya kati ya vioo viwili inayoachia, na huo hausafishiki. Mapovu madogomadogo ndani ya kioo chenyewe hayana neno, yalitoka nayo kiwandani. Mchubuko mwembamba wa mbele nao hauharibu picha kiasi watu wanavyodhani. Lenzi safi yenye mkwaruzo mmoja naichukua kabla ya lenzi isiyo na mkwaruzo lakini yenye utando.

Kuvu ndiyo adui wetu hasa. Unyevu wa hewa wa asilimia 70 na zaidi hapa ni jambo la kila siku, na masika huzidisha. Lakini si hewa peke yake. Mfuko wa ngozi uliokuja na kamera, ule mzuri wenye kamba na harufu ya zamani, hunyonya unyevu na kuukumbatisha lenzi mwezi baada ya mwezi. Uweke mbali, hata kama unaupenda. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvitoe vifuko hivyo ukavikaushe mara kwa mara, la sivyo vinakuwa mapambo. Mchele usiutumie, unaacha unga, na unga ni chakula cha kuvu.

Kuvu changa iliyo juu ya kioo cha nje husafishwa kwa pamba laini na spiriti safi ya isopropili. Iliyokaa sana hula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na ukiifuta alama hubaki. Kwa hiyo kipimo cha tochi kifanye kabla ya kutoa pesa, na usione haya. Kamera nyingi za aina hii hapa mjini hutoka kwenye makabati ya familia na studio zilizofungwa, na mwenyewe mara nyingi ni mzee anayeiheshimu.

"Hii ya Mjarumani, mwanangu. Haijafunguliwa tangu marehemu aiweke."

"Ndiyo naogopa hapo, mzee wangu. Nipe ruhusa niimulike kidogo."

Kutofunguliwa miaka 30 si sifa kwa kamera iliyokaa pwani. Mwonyeshe nyuzi kwa tochi, mwache aone mwenyewe, halafu mzungumze bei. Ukinunua kutoka nje, kwa mfano Japani, dai picha za lenzi ikiwa imemulikwa kwa nyuma, na kwenye hesabu yako tia nauli na ushuru wa forodha, maana hapo ndipo bei nafuu hupotea.

Ulicholenga hakikutoka kikali

Kama kuna kitu kingine kwenye picha kilicho kikali, kwa mfano ukuta wa nyuma badala ya uso wa mtu, basi ulengaji haukubaliani na filamu. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ni mkono wako. Kaza kamba ya shingoni na upandishe spidi.

Kwenye kamera ya lenzi mbili, lenzi ya juu na ya chini zinapaswa kusema jambo moja. Zinaachana pale mtu alipoisafisha moja akairudisha bila kupima, au alipokiweka kioo cha kulengea juu chini. Upande wenye ukwaruzo ndio uelekee kioo cha ndani. Kwenye Agfa Isolette kisa ni kingine: grisi yake ya kijani hugeuka jiwe, pete ya kulengea haizunguki, na mtu akiilazimisha kwa koleo vioo viwili huzunguka pamoja na kipimo chote kupotea. Isolette ambayo pete yake haisogei kwa vidole, hesabu kwanza gharama ya fundi.

Kupima ni bure, na Mombasa tuna uwanja mzuri wa kupimia. Nenda Mama Ngina asubuhi hewa ikiwa safi. Bandika selotepu isiyong'aa kwenye reli ambazo filamu hupita, ikiwa imenyooka kabisa, weka shata kwenye B, tundu wazi, lenga meli inayongoja kuingia Kilindini. Jifunike kanga kichwani utazame ile selotepu kwa kioo cha kukuzia. Pete ikiwa kwenye alama ya mbali isiyo na mwisho, meli inapaswa kuwa kali kwenye selotepu na kwenye kioo cha juu kwa pamoja. Ikiwa kali chini na si juu, lenzi inayopiga iko sawa. Kinachodanganya ni kioo cha kulengea. Ikiwa kinyume, kazi ni kubwa zaidi.

Na vichwa vilivyokatwa kwenye picha za karibu si ubovu. Lenzi ya juu iko sentimita chache juu ya ile inayopiga, na tofauti hiyo huonekana ukisogea karibu. Lenga, kisha inua kamera kidogo kabla ya kupiga. Mamiya C330 inakuonyesha mstari wa kukusaidia kwenye kioo, nyingi hazina.

Michirizi na madoa ya mwanga

Swali ni moja: doa liko palepale kwenye kila picha, au linahamahama?

Likiwa palepale, kamera inavuja. Kwa kamera za kukunja, ingia chumba cha giza, tia tochi ndani ya mfuko wa mikunjo uukunjue polepole. Matundu huwa pembeni, mikunjo inapokutana. Rangi nyeusi ya kitambaa iliyochanganywa na gundi nyeupe huyaziba vizuri ikipakwa nyembamba. Kwenye makasha ya RB67, tazama sponji za kuzuia mwanga. Kwa joto letu huyeyuka zikanata vidoleni. Kwangua, safisha, weka utepe mwembamba wa mahameli nyeusi. Maduka ya vitambaa ya Biashara Street yatakukatia.

Linalohamahama, linaloingia kutoka kingo za filamu kwenda katikati, huletwa na filamu iliyojiviringisha kwa ulegevu. Filamu ya 120 haina kopo, inalindwa na karatasi yake tu. Izuie kidogo kwa kidole gumba unapoanza kuizungusha, pakia kivulini, na ukimaliza lamba utepe wake wa gundi na kuibana hapohapo. Watu hubadilisha filamu wakiwa wamesimama juani kwenye kivuko cha Likoni, kisha wanalaumu mlango wa kamera.

Picha zinapandana, au namba hazihesabu

Kwenye Yashica-Mat 124 na 124G, mshale wa karatasi uoane na alama ya kamera kabla ya kufunga mlango, na kibamba cha nyuma kiwe upande wa 120, si 220, ambayo ni filamu ndefu mara mbili isiyo na karatasi nyuma yake. Rolleiflex Automat haina alama ya kulinganisha: karatasi inapaswa kupita chini ya roli ya kuhisi, ambayo hutambua unene wa filamu inapofika. Ukiipitisha juu yake, kamera itazungusha filamu mpaka mwisho bila kuhesabu hata moja. Pentacon Six inajulikana kwa kupandanisha picha. Mkono wake wa kuvutia urudishe kwa kidole, usiuachie uruke.

Na kama filamu haiingii kabisa kwenye Kodak ya babu, huenda ni kamera ya 620. Filamu ni ileile, spuli ndiyo nyembamba zaidi. Kodak iliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuiacha 1995. Inawezekana kuihamisha filamu ya 120 kwenye spuli ya 620 gizani, ila iwe ni kamera unayoipenda kweli.

Haipigi

Kabla ya kusema imekufa: kile kibamba cha kukinga filamu kimetolewa? Hasselblad, Bronica na RB67 hukataa kupiga kikiwa ndani, na ndivyo zilivyotengenezwa. RB67 hukataa pia kasha la nyuma likiwa halijazungushwa mpaka mwisho. Pentax 67 bila betri ya volti 6 haipigi.

Hasselblad ya mfululizo wa 500 ina kisa chake. Mwili na lenzi lazima vyote viwe vimekazwa wakati wa kutoa au kuweka lenzi. Kimoja kikiachia, lenzi haitoki na kamera haipigi. Toa kasha la nyuma, pitisha bisibisi ndefu, izungushe kwa upole ncha ya mhimili wenye mfuo upande wa saa mpaka isikike ikibofya. Ikigoma, usiilazimishe. Kwa sababu hii, na kwa bei yake, simshauri anayeanza hapa Mombasa anunue Hasselblad. Yashica-Mat au Rolleicord yenye shata safi itampa kazi ya kutosha na kumsumbua kidogo.

Mita inadanganya

Mita ya kupimia mwanga ya Yashica-Mat 124G ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, mita huona mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha zinatoka na kiza. Betri za hewa za vifaa vya kusikia zinakaribia volti ileile ingawa hazidumu. Mimi mita hiyo huiacha imelala na kutumia programu ya simu.

Namba, vitone na madoa ya maji juu ya picha

Ukiona namba au vitone vya karatasi vimejichapa angani kwenye picha, filamu ilikaa kwenye joto na unyevu, iwe kabla ya kupigwa au baada. Iweke kwenye friji ikiwa bado imefungwa, na iache nje saa kadhaa kabla ya kuifungua, kwa sababu baridi ikikutana na hewa yetu hutoa jasho. Lenzi nayo ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto. Filamu iliyopigwa usiilimbikize, ioshe.

Madoa meupe ya mviringo yanayobaki baada ya kukauka ni chumvi. Maji ya visima vingi vya hapa ni ya chumvi, na hata ya bomba huacha alama. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa; yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri yanafaa, na lita moja inatosha tangi dogo. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, kwa maana asidi ya betri nayo hupangwa rafu hiyohiyo.